Nimeangalia dokyumentari ya Dr. Shipman na bibi yangu hapa Tabora, ameniuliza swali moja sijui la kumjibu

Mjukuu_wa_Isevya

Wakuu habari za jioni, wakubwa wote humu shikamooni.

Juzi umeme ulirudi mapema huku Isevya nikachomeka flash kwenye TV, mdogo wangu alikuwa ameniwekea dokyumentari kama sita hivi, nikaanza na ya yule daktari wa Uingereza, Harold Shipman. Bibi yangu alikuwa mkekani anachambua karanga, Kiingereza hajui, nikawa namtafsiria huku naangalia. Nilijua atasinzia tu. Hakusinzia, aliacha karanga akaisogelea TV.

Kwa wasiomjua niwape kwa ufupi. Kule kwao kila mtu anaandikishwa kwa daktari wa mtaani kwake, huyo ndiye anajua presha yako, sukari yako, umezaa wangapi. Shipman alikuwa daktari wa namna hiyo kwenye mji unaitwa Hyde, karibu na Manchester, kliniki yake iko Market Street yuko peke yake na wagonjwa zaidi ya 3,000. Watu walimpenda sana maana alikuwa anakufuata nyumbani, daktari gani siku hizi anakufuata nyumbani. Sasa alikuwa anapita mchana kwa mama wa watu anayeishi peke yake, anamchoma daimofini, hiyo ni heroini ya hospitali wanayopewa wagonjwa wa kansa wenye maumivu makali, mama anaondoka hapo hapo amekaa kwenye kiti chake na nguo zake zote mwilini kama amepitiwa na usingizi. Halafu daktari huyo huyo ndiye anaandika cheti cha kifo.

Januari 31, 2000 mahakama ya Preston ilimtia hatiani kwa kuua watu 15. Baadaye serikali ikaunda tume chini ya jaji mwanamke, Dame Janet Smith, ikapitia kifo kimoja kimoja ikakuta aliowaua ni 215, wanawake 171 na wanaume 44, na ikakadiria jumla inafika kama 250. Kuanzia 1975 mpaka 1998. Yaani mtoto azaliwe, asome, aoe, mtu bado anaua tu na jioni anarudi kwake kwa mkewe na watoto wanne.

Nilipofika hapo kwenye 215 bibi akaniuliza: "Wote hao walizikwa, watu wakalia, wakala ubwabwa wa msiba wakatawanyika, hakuna aliyeuliza?"

Nikanyamaza. Maana kuna kitu kwenye hiyo dokyumentari kilinikaa kooni. Mama wa mwisho kuuawa, Kathleen Grundy, alikuwa na miaka 81, aliwahi kuwa mke wa meya wa huo mji, mzima wa afya, anajitolea kuhudumia chakula cha mchana kwa wazee wenzake. Juni 24, 1998 hakutokea, wenzake wakamfuata wakamkuta amekufa. Shipman alikuwa amepita asubuhi. Unajua kwenye cheti sababu ya kifo aliandika nini? Uzee. Basi.

Hilo neno ndilo limenifanya niandike huu uzi. Nani hapa hajalisikia kwenye msiba wa kwao? "Bibi amekula chumvi nyingi", "umri ulishafika", "kazi ya Mungu haina makosa". Tunazika, tunarudi.

Na mimi yamenikuta. Mdogo wake bibi, nilikuwa namwita Bibi Mdogo, aliishi peke yake kijijini huko Sikonge. Kulikuwa na mtu wa duka la dawa anawapitia wazee majumbani na begi la sindano, anawachoma "za miguu". Bibi Mdogo akachomwa saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni kafariki. Sisemi aliuawa, Mungu ndiye anajua, inawezekana hata siku yake ilikuwa imefika kweli. Ninachosema ni kwamba tulikuwa watu wazima zaidi ya thelathini pale msibani na hakuna hata mmoja aliyeuliza alichomwa nini. Mimi nilikuwa na diploma tayari. Sikuuliza.

Kingine, hii niliyoangalia mimi zaidi ya nusu ni sura yake, ndevu zake, miwani yake, utoto wake, mama yake alivyokufa kwa kansa ya mapafu 1963 akichomwa mofini na daktari anayemfuata nyumbani, eti ndipo alipojifunza. Sawa tumesikia. Wale akina mama picha zao zinapita kama matangazo. Bibi alinishika mkono mara mbili, "rudisha, yule alikuwa nani?" na mimi sina jibu maana hawakusema.

Mlioangalia mlionaje?

MamaWawili

Jamani mimi sijaiangalia na sitaangalia, naogopa. Ila alikamatwaje? Kama alikuwa anajaza vyeti mwenyewe.

Mjukuu_wa_Isevya

@MamaWawili tamaa ilimponza dada yangu. Huyo mama Grundy alipokufa ukaja wosia umepigwa kwa mashine ya kuchapa, hovyo hovyo, kwamba mali yote, zaidi ya pauni laki tatu, anaachiwa daktari wake. Sasa bintiye, Angela Woodruff, ni mwanasheria na ndiye aliyekuwa anashughulikia mambo ya mama yake miaka yote. Aliposoma tu akasema mama yangu haandiki hivi. Akafuatilia mwenyewe, akawatafuta mashahidi waliosaini, akaenda polisi. Mwili ukafukuliwa Agosti 1998, wakakuta mofini, maana daimofini ikishaingia mwilini inageuka mofini. Mofini haiozi haraka, inakaa kwenye nyama ya paja muda mrefu, na yeye daktari mzima hakufikiria hilo. Mashine ya kuchapa ikakutwa kwenye kliniki yake, na alama ya kidole chake iko kwenye wosia. Septemba 7 akakamatwa.

Alikuwa pia anaingia kwenye kompyuta kuwaandikia marehemu magonjwa ya moyo ya kubuni, anaweka tarehe za nyuma, kumbe ndani ya kompyuta muda halisi wa kuandika umebaki. Kuna mama alimwandikia maumivu ya kifua ya miezi mingi nyuma, saa chache baada ya kumuua.

Kamanda77

Mkuu uzi mzuri ila mimi naona haya mambo ni ya kwao. Mzungu anaishi peke yake, mtoto anampigia mama yake simu Krismasi kwa Krismasi, lazima waishie hivyo. Sisi huku bibi anakaa na wajukuu kumi, daktari atampatia wapi nafasi ya kumchoma? Tusijiletee hofu za watu.

Mnyamwezi_wa_Uyui

@Kamanda77 ndugu yangu kwa heshima zote hapo nakukatalia na nakukatalia kwa uchungu.

Huku kwetu Uyui, Nzega, Igunga mpaka unaingia Shinyanga, vikongwe wamekatwa mapanga miaka na miaka kwa sababu macho yao mekundu. Macho mekundu ya nini? Ya moshi. Mama amepuliza jiko la kuni na kinyesi cha ng'ombe toka akiwa msichana, kaivisha ugali wa ukoo mzima, halafu akizeeka macho yale yale yanakuwa ushahidi kwamba ni mchawi. Akifa mtoto wa jirani kwa malaria, anayekufa wa pili ni bibi. Na wenye mkono mara nyingi wametoka nyumbani kwake humo humo, kuna shamba, kuna ng'ombe.

Nilikuwa darasa la tano, bibi mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu alikatwa usiku. Asubuhi kijiji kizima kilijua. Nikamsikia mtu mzima anayeheshimika anasema "afadhali". Nililisikia kwa masikio yangu haya. Hakuna aliyekuja kushtakiwa.

Kwa hiyo usiniambie bibi anakaa na wajukuu kumi. Shipman alikuwa mmoja kwa watu 215. Sisi kwa bibi mmoja tulikuwa kijiji kizima.

Mtoto_wa_Ujiji

Daah hiyo sentensi ya mwisho.

Kigoma hivyo hivyo, wakija wale kamchape, waganga wanaodai kufichua wachawi, kijijini wanaopigiwa ngoma mlangoni ni wazee, nyumba ya bibi inabomolewa mchana kweupe na watu wanatazama. Mama yangu mkubwa alihama kijiji akaja kwetu Ujiji kwa hilo, kaja na ndoo moja na kanga mbili.

Kamanda77

@Mnyamwezi_wa_Uyui nimekusoma mara mbili. Sina cha kubisha, niliandika haraka. Pole sana kwa uliyoyaona ukiwa mtoto.

nesi_wa_zamu

Naomba na mimi niseme maana huu uzi nikiuacha hivi wazee wataogopa hospitali.

Mimi ni nesi, niko mkoa huu huu wa Tabora. Tafadhali sana, msimwambie bibi aache kliniki ya presha kwa sababu ya Shipman. Presha isiyotibiwa inapooza watu kila wiki tunawapokea. Daktari kama yule ni mmoja katika maelfu kwa maelfu.

Ila kuhusu alipataje dawa, hapo ndipo pameniuma kama mtu wa kazi. Wodini mofini inakaa kabati la kufunga na kufuli, kuna daftari, ukitoa ampuli unaandika jina la mgonjwa, kiasi, saa, mnasaini wawili, na kilichobaki kinamwagwa mbele ya shahidi. Inachosha, tunalalamika kweli usiku ukiwa na wagonjwa arobaini. Yule hakuwa na wa kumsaini. Alikuwa anaandika daimofini kwa jina la mgonjwa wa kansa, mwingine ameshafariki kabisa, anaichukua mwenyewe dukani na inayobaki anabaki nayo.

Halafu jamani aliwahi kutiwa hatiani! 1976, mji wa Todmorden, alikuwa anaghushi vyeti vya dawa anajichoma mwenyewe pethidini, dawa kali ya maumivu. Alienda kutibiwa, akapigwa faini pauni 600, baraza la madaktari likamuacha na leseni yake. Mwaka uliofuata yuko Hyde. Mimi nikikosea daftari leo naitwa ofisini kesho.

Na wewe Mjukuu, pole kwa Bibi Mdogo. Mtu wa duka la dawa kupita majumbani na sindano hairuhusiwi, na una haki kabisa ya kuuliza jina la dawa kabla haijaingia mwilini, omba akuonyeshe kichupa. Mhudumu mzuri hakasiriki. Mimi nikiulizwa nafurahi, najua mgonjwa ana mtu.

Mjukuu_wa_Isevya

@nesi_wa_zamu ahsante dada, ubarikiwe. Bibi kliniki anaenda, nitampeleka mwenyewe mwisho wa mwezi.

Boda_Kiloleni

Mimi niliangalia kibandani kwa jamaa yangu siku mechi imeahirishwa. Wote mnaongelea daktari na binti mwanasheria, mimi nimekaa na yule dereva teksi.

Anaitwa John Shaw. Ana teksi, abiria wake ni wamama wazee, anawapeleka sokoni, hospitali, anawabebea mifuko mpaka mlangoni, wanamsimulia habari za wajukuu. Mmoja akafa ghafla, akasikitika. Mwingine. Mwingine. Akaanza kuwaandika kwenye karatasi, akauliza uliza kila mmoja daktari wake nani, ni yule yule. Walifika zaidi ya 20. Miaka inaenda anaogopa kusema, atasema nini, dereva teksi anamshtaki daktari? Nani atamsikiliza? Alikuja kwenda polisi Agosti 1998, mama Grundy ameshakufa.

Nimeendesha boda miaka tisa. Hiyo hofu naijua. Ukimwambia mtu wa ofisini kitu anaangalia kwanza koti lako la vumbi.

Na sisi tunaona vitu. Najua mzee gani mwanae hamletei hela, najua nani anapanda pikipiki kwa shida zaidi kuliko mwezi uliopita, najua ukimgusa mkono amekonda. Kuna bibi mmoja Ipuli nilikuwa nampeleka kliniki ya sukari kila mwezi, tarehe haikosi, ananisubiri chini ya mwembe na mwavuli wake. Sasa sijamuona kama miezi miwili hivi. Nilijua labda ana boda mwingine.

MamaWawili

@Boda_Kiloleni kaka angu nenda kamuangalie. Nimesoma nimepata baridi.

Mnyamwezi_wa_Uyui

Nenda mkuu. Usipige simu, nenda.

Mtoto_wa_Ujiji

Kuongezea kwa Boda, hakuwa dereva peke yake. Wale wa kuzika, familia ya Massey, binti yao aliona kwamba maiti za Shipman zinafanana, wamama wamekaa kwenye kiti, wamevaa, hakuna dalili ya kuugua ndani ya nyumba, hakuna hata kikombe cha dawa. Baba yake akaenda kumuuliza Shipman uso kwa uso, akajibiwa hakuna tatizo lolote, kitabu cha vyeti hiki hapa kiko wazi. Akarudi ametulia. Binti hakutulia.

Akawaambia madaktari wa kliniki ya jirani. Hao nao walikuwa wanaitwa kusaini fomu za kuchoma maiti, kule wakati huo ilikuwa lazima daktari wa pili asaini. Daktari mmoja, Linda Reynolds, akahesabu: kliniki yao ina wagonjwa karibu mara tatu ya Shipman lakini vifo vya Shipman vimezidi vyao. Machi 1998 akapeleka taarifa kwa koronea, yule afisa anayechunguza vifo vyenye mashaka, polisi wakaanza kupeleleza kimya kimya.

Na hapa ndio nilizima TV nikatoka nje. Hawakuangalia hata kama ana rekodi ya nyuma. Ile kesi ya 1976 ipo, imeandikwa, hawakuitafuta. Aprili wakafunga jalada. Mei akamuua Winifred Mellor. Juni akamuua Joan Melia, na mwisho wa Juni mama Grundy. Watatu hao wangekuwa wamezeeka tu na wajukuu wao.

Kamanda77

Kwa hiyo watu wa kuzika na dereva ndio walioona kwanza, wenye vyeo wakafunga jalada.

Mtoto_wa_Ujiji

Ndivyo hivyo mkuu. Na daktari mmoja aliyewasikiliza, tusimsahau huyo mama.

nesi_wa_zamu

Halafu angalieni muda uliopita. Hukumu 2000, tume imemaliza kazi 2005, lakini ile sheria kwamba kila kifo kisichokwenda kwa koronea lazima kipitiwe na daktari mwingine asiyemtibu marehemu, England na Wales imeanza kazi rasmi Septemba 2024. Nchi yenye uwezo ile.

mgeni_jukwaani

Mimi nina swali, kwa nini aliua? Hela alitaka ya mmoja tu wa mwisho.

Mjukuu_wa_Isevya

@mgeni_jukwaani hakusema. Alikana mpaka mwisho, akajinyonga gerezani Wakefield Januari 13, 2004, kesho yake angetimiza miaka 58. Dokyumentari imemaliza dakika nyingi na wataalamu wa saikolojia wanabahatisha, mara mama yake, mara kupenda kuwa mungu mdogo. Ndio maana nimesema mimi swali hilo nimeliacha aende nalo. Hata tukijua sababu yake, itatusaidia nini hapa Isevya? La bibi ndilo linanisumbua, la waliobaki hai.

Kuna mama mmoja, Ivy Lomas, huyo alimuulia kliniki kabisa. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, akaingia chumba cha daktari. Na Shipman akatoka akaendelea kuhudumia wagonjwa wengine mama wa watu yuko ndani amekufa. Waliokuwa kwenye benchi wanasubiri zamu yao nawafikiria sana. Sio kosa lao, lakini nawafikiria.

Nimeenda nimetafuta majina yote 15 ya kwenye kesi, bibi aliniomba. Nilimsomea jana jioni mmoja mmoja polepole, Marie West, Irene Turner, Lizzie Adams, anajaribu kuyatamka, akishindwa anasema "huyo naye". Tulipofika Kathleen akasema kumbe kuna Kathleen wawili, nikamwambia ndiyo, Wagstaff na Grundy, akasema wa kwanza nani alimlilia? Sikujua. Halafu kwa mara ya kwanza toka msiba ule akaongea habari za mdogo wake. Kumbe siku ile ya sindano Bibi Mdogo alimtumia mtoto wa jirani na ujumbe, "mwambie dada moyo unaenda mbio". Ujumbe ulifika kesho yake, wakati tumeshapata habari ya kifo. Bibi alikaa nao miaka sita kifuani. Anasema hakutaka kuwaharibia watu msiba.

MamaWawili

😭😭 Mwambie bibi shikamoo. Mwambie sisi hatumjui lakini tumemsikia.

Mnyamwezi_wa_Uyui

Nisalimie mayo. Na wewe mjukuu usijilaumu peke yako, tulikuwa thelathini wengi kwenye misiba mingi.

Boda_Kiloleni

Wakuu nimerudi.

Nimeenda Ipuli leo asubuhi kabla ya kuanza kazi. Chini ya mwembe hakuna mtu, mlango umerudishiwa. Nimepiga hodi kama mara nne nikasikia sauti kwa mbali, nikaingia. Yupo hai. Mguu una kidonda, kisigino, unajua kidonda cha mwenye sukari, kimeanza kutoa harufu, hawezi kukanyaga. Ana mjukuu wa kike wa darasa la sita ndiye anayempikia kabla ya kwenda shule. Dawa ziliisha.

Nimemuita jamaa yangu wa bajaji tumembeba wawili, nimempeleka hospitali nimekaa naye mpaka amelazwa. Daktari amesema mguu wanaupigania, kaja kabla haujapanda. Nimeuliza jina la kila sindano, dada nesi, nimeyaandika kwenye simu, na yule nesi wa pale hakukasirika hata kidogo.

Njiani bibi akaniambia, "mimi nilidhani umepata abiria wengine."